Mlango wa Kusukuma

Seremala alikuwa akipiga randa, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara. Kule, mafundi walikuwa wakilijenga upya kanisa lililoungua. Mdogo wake, mchomeleaji aliyeitwa Cheche, alikuwa akisimamisha mlango mkubwa wa chuma.

"Mlango wa zamani ulikuwa kazi yangu," seremala alinung'unika. "Watu walisifu nakshi zangu. Leo anapewa Cheche!"

Mkewe akacheka. "Wivu utakutoa macho, baba watoto. Tazama, ubao umekuwa mwembamba kama karatasi."

Seremala akatupa randa, akavuka barabara. Alitafuta kasoro, akaiona.

"We Cheche! Mlango unafungukia nje! Umeupachika ukiwa usingizini?"

"Ndivyo inavyotakiwa, kaka. Wa kwako ulifungukia ndani."

"Ili mvua isiharibu nakshi!"

"Najua. Lakini moto ukiwaka, watu hukimbilia mlangoni kwa pamoja. Wa nyuma humsukuma wa mbele. Mlango wa kuvuta ndani haufunguki tena, wameubana wenyewe. Huu ukiusukuma tu, umeshatoka nje. Na watu wakiwa ndani, hautiwi kufuli."

"Maneno tu! Siku ile si wote walitoka?"

"Kwa madirisha. Muulize mama."

Mama yao alikuwa ameketi kivulini. Tangu siku ya moto, mkono wake wa kulia haukunyooka.

"Mama, si uliumia ukiruka dirishani?"

Mama akatazama chini. "Mlangoni, mwanangu. Nilishika komeo nivute, watu wakanibana. Sikukuambia. Uliupenda mno mlango ule."

Seremala akaitazama mikono yake iliyojaa vumbi la mbao.

"Kaka," Cheche akasema taratibu, "kuna mlango wa pili, ubavuni. Ni wa mbao. Nimewaambia mafundi wakungoje wewe."

Seremala akaguna. "Utafungukia nje?"

"Nje."

"Na nakshi zangu?"

"Chonga utakavyo. Paa tumelirefusha pale, mvua haitaufikia."

Kanisa lilipokamilika, waumini walifanya zoezi la kutoka kwa dharura. Kengele ikalia. Wakaacha mizigo yao, wakatoka kwa milango yote miwili bila kukimbia. Mama akausukuma ule wa mbao kwa bega. Ukafunguka papo hapo.

Seremala alikuwa akimngoja nje.

"Mama, mlango wa nani mwepesi zaidi?"

"Wako, mwanangu."

Akamgeukia mdogo wake. "Cheche! Umesikia?"