Barua za Adongo Hazizeeki

Katika ofisi ile kila kitu kilinuka samaki. Ilikuwa kampuni ya kusindika mbuta na ngege, samaki wa ziwani, hatua chache kutoka ufuo wa Dunga, na harufu ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye mafaili, mpaka kwenye mto wa kiti cha meneja. Kwa hiyo Jumanne ile, baada ya chakula cha mchana, Dolphine alipofungua kachumba ka seva akapokelewa na harufu ya tufaha, alisimama mlangoni asijue aingie au arudi. Ilikuwa harufu ya yale mafuta ya nywele ya kijani yanayouzwa kwenye vikopo vidogo. Yeye hakuyapaka, na ufunguo wa chumba kile ulikuwa mmoja tu, wake.

Aliketi, akafungua rekodi za seva. Wiki iliyotangulia meneja, Bwana Walubengo, alikuwa amelalamika kwamba diski imejaa na barua pepe za wateja haziingii. Dolphine, fundi wa kompyuta wa kampuni nzima, akaiwekea seva kanuni: kila siku saa saba mchana, ifute yenyewe barua zote zilizozidi umri wa miaka mitatu. Seva ilitii. Ilifuta oda, malalamiko na salamu za Krismasi, barua elfu arobaini na ushei. Ikabakiza mia mbili na kumi na nne. Zote zilikuwa kwenye sanduku moja, la Adongo.

Adongo alikuwa karani wa mauzo hapo hapo, na alikuwa mke wa Calvince, mkuu wa mauzo. Maradhi ya figo yalimuua miaka minne iliyopita. Sasa mke wa Calvince ni Dolphine.

Na nisimfichie mtu: Dolphine alimwonea marehemu wivu, tena wivu mbaya. Mke mwenza aliye hai unaweza kumshinda kwa mapishi, kwa mavazi, au kwa mdomo. Aliyekufa hanuni, haunguzi mboga, hanenepi. Calvince hakumtaja sana, lakini kulikuwa na nyimbo za redioni alizozipunguza sauti, na kila walipokwenda kwao Katito alinyamaza kilomita tano za mwisho. Dolphine alizihesabu hizo kilomita.

Siku kanuni ilipowekwa, Calvince alikuwa amemjia mezani akiongea kwa sauti ya chini.

"Dolphine, zile barua zetu na Adongo, zitoe kwa hiyo mpango yako. Sizisomangi, lakini wacha tu zikae."

"Sawa, Calvo. Usijali," alijibu, akatabasamu, na akaziacha ndani ya kanuni.

Ndizo hizo zilizokataa kufutika. Alitafuta kosa kama fundi yeyote. Saa ya seva ilikuwa sawa. Kanuni haikuwa na kasoro. Akaangalia tarehe za barua, ndipo alipoona shida ilipo: seva haikuhesabu umri tangu barua ilipoandikwa, ilihesabu tangu ilipohifadhiwa mara ya mwisho, na hizi zote zilikuwa zimehifadhiwa leo, saa sita na dakika hamsini na tisa. Jana vilevile. Juzi vilevile. Kila siku, dakika ya mwisho, kuna mtu aliyezihifadhi zote upya, zikawa changa. Alibadilisha nywila, akaifunga kabisa akaunti ya Adongo. Jumatano zikawa na tarehe ya Jumatano.

Alhamisi wenzake walipotoka kwenda kula, alijifungia ndani na kusubiri. Kwanza feni za seva zilipunguza mngurumo, mfano wa watu wanaonyamaza mtu akiingia. Kisha ikaja harufu ya tufaha, nzito, yenye joto la kichwa cha mtu. Kisha ndani ya katoni chini ya meza, ambamo kibodi kuukuu ya Adongo ilikuwa imelala miaka minne bila waya, kitufe kimoja kikabonyezwa, kikafuata kingine, polepole, mpaka vikawa vingi na vya haraka, vidole vya karani aliyeizoea kazi yake, na kwenye kioo barua zikaanza kufunguka na kujifunga moja baada ya nyingine bila Dolphine kugusa chochote, na nyuma ya shingo yake akahisi pumzi baridi ya mtu aliyeinama ili wasome pamoja.

Mtu mwingine angekimbia. Dolphine alisoma.

*Nyar Kendu Bay wangu*, Calvince alikuwa ameandika, yaani binti wa Kendu Bay, *chai ya saa nne bila wewe ni maji ya moto tu*. Yeye Dolphine alikuwa na barua thelathini na moja kutoka kwa Calvince, na nyingi zilimkumbusha kununua vitunguu. Ile ya kwanza tu ndiyo aliyoipenda, ile iliyomwita Dunga wakale ngege. Wivu ukampanda mpaka hofu ikakosa pa kukaa. Akazichagua barua zote mia mbili na kumi na nne, akazifuta kwa mkono, akamwaga na pipa la taka.

"Toka kwa bwana yangu," alinong'ona.

Kibodi ikanyamaza. Jioni hiyo Dolphine alipika akiimba.

Ijumaa rekodi ilionyesha kwamba saa saba imefutwa barua moja. Ilikuwa ya mwaka jana tu, lakini seva ilikuwa imeiandikia umri wa miaka mitatu na siku moja. Ilikuwa ile ya Dunga. Wakati wa chai ya jioni akamuuliza Calvince kwa utani kama anaikumbuka siku ile.

"Dunga? Mimi na wewe?" Calvince alikunja uso. "Hatujawahi enda Dunga, Dolphine."

Hakuwa akitania.

Jumatatu zikaenda barua nne, Jumanne tisa. Dolphine aliizima kanuni. Seva iliendelea kufuta kwa wakati wake, saa saba kamili, na kila kilichotoka kwenye diski kilitoka pia kichwani mwa Calvince. Alisahau wimbo wa harusi yao. Alisahau kwamba Dolphine hali dagaa wa omena. Asubuhi moja alimwuliza kwa adabu, kama unavyomwuliza mpangaji mwenzako, ikiwa amemaliza kutumia bafu. Kufikia Ijumaa zilikuwa zimebaki barua sita, na mto wa Dolphine kitandani ulinuka tufaha.

Jumamosi alikwenda Katito peke yake, kwa mama mkwe. Milka alikuwa mwombezi wa kanisa la Roho, mwenye kanzu nyeupe na kengele ya mkononi, na watu walimletea wagonjwa kutoka mpaka Kendu Bay. Bomani nyumba ya Adongo ilisimama imefungwa tangu mazishi. Dolphine alikuwa amejengewa yake kando, na hakuwahi hata kugusa kitasa cha ile nyingine.

"Nyar Bungoma," Milka alisema baada ya kumtazama kitambo, "umefanya nini?"

"Nilifuta barua, Mama. Kwa kompyuta."

"Za nani?"

"Za Adongo."

"Hapa nyumbani hujaingia kwa nyumba ya mikayi," Milka alisema, na mikayi ni mke wa kwanza, "kwa sababu mimi niko na macho. Huko kwa mashine hakuna mtu anakuona, ukaingia, ukafagia mpaka jikoni."

"Sikujua, Mama. Mimi si wa huku."

"Ulijua. Calvince si alikuambia uwache? Aliniambia mwenyewe." Sauti ya Milka ilishuka. "Hiyo ni chien, marehemu amerudi kudai. Adongo alikuwa ametulia. Hakuwa anataka bwana, alikuwa anataka mahali yake. Sasa hana, ndio maana anachukua yako."

"Nisaidie, Mama. Calvo amebaki kunijua kidogo tu."

"Rudisha yote. Yote, nyathina, mtoto wangu. Nitakuja nipige kengele, lakini hii kengele haifuniki uongo."

Jumatatu Milka aliingia ofisini na kanzu yake, wafanyakazi wakichungulia, akaketi katika kachumba ka seva na kufumba macho. Dolphine alitoa kabatini diski ya akiba, ambayo ilikuwa na nakala za zamani za kila kitu. Alirudisha kwanza zile thelathini na moja zake. Kisha akaanza za Adongo, moja baada ya nyingine, huku midomo ya Milka ikicheza kwa sala, na kwa kila barua harufu ya tufaha ilipungua kidogo.

Alirudisha mia mbili na kumi na tatu. Ya mwisho akaisoma. Calvince alikuwa amemwandikia Adongo alipolazwa hospitalini: *Usiogope, Nyar Kendu Bay. Hata siku moja nikioa mwingine, yeye atakuwa mgeni tu. Mwenye nyumba ni wewe.*

Dolphine aliisoma mara mbili. Moyo ulimwuma kama umefinywa na mlango. Kubeba mia mbili na kumi na tatu aliweza. Hii, hapana.

"Zimeisha?" Milka aliuliza bila kufumbua macho.

"Zimeisha, Mama."

Akaifuta ile moja, kwenye seva na kwenye diski ya akiba pia. Milka alipiga kengele mara saba, mara ya saba ikatoa mlio mkavu, akaitazama kengele, kisha akamtazama mkaza mwanawe. Feni zilivuma tena na chumba kikanuka samaki. Saa kumi Calvince alipanda ngazi mbio mbio.

"Dolphine! Si ile siku ya Dunga ulikula ngege yote ukaniachia kichwa!"

Dolphine alilia begani mwake mbele ya ofisi nzima, bila haya.

Wiki nzima ilipita kwa amani. Jumanne iliyofuata, baada ya chakula, Dolphine alifungua rekodi kwa mazoea tu. Kanuni ilikuwa bado imezimwa, lakini kulikuwa na mstari mpya, wa saa saba kamili: *zimefutwa barua thelathini na moja*. Alifungua sanduku lake. Lilikuwa tupu. Alifungua diski ya akiba, nayo haikuwa na barua hata moja yenye jina lake. Chini ya meza, ndani ya katoni, kitufe kimoja kilibonyezwa. Harufu ya tufaha ikamjia, na safari hii ilikuwa inatoka kwenye nywele zake mwenyewe.

Viatu vya Calvince vilisikika koridoni. Dolphine aligeuka haraka, akamwita jina, na Calvince akasimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alimtazama vizuri, akatabasamu kwa ukarimu kama anavyowatabasamia wateja.

"Karibu sana, mgeni," alisema. "Kuna mtu amekuhudumia?"