Chozi Huyu na Chozi Hili

Katika nyumba ile, mlango wa nyuma haukuruhusiwa kulia. Bawaba zake zilipoanza tu kulalamika, zilipakwa mafuta ya kupikia. Masufuria yaliwekwa juu ya kitambaa yasigongane, na aliyetaka kukohoa alitoka nje. Baba wa nyumba hiyo alikuwa mwoka mikate. Watu walipolala yeye alikanda unga, na watoto walipotoka shule ndipo yeye alipoanza kukoroma.

"Nyumba ni yako, mwanangu," alizoea kumtania binti yake kabla ya kujifunika shuka, "ila sauti ni yangu."

Mama alifanya kazi mji mwingine na alirudi wakati wa likizo tu. Kwa hiyo kila alasiri binti alibaki peke yake na mkoromo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na darasani walimwita Kimya. Zamani wenzake walikuwa wakiomba kuja kucheza kwao, lakini jibu lilikuwa lile lile, "Baba amelala," mpaka wakachoka kuomba. Kimya aliosha vyombo, akamaliza hesabu zake, kisha akaketi kwenye dirisha la jikoni bila la kufanya.

Siku moja, akiwa hapo dirishani, aliona ndege mdogo wa rangi ya vumbi akitua kwenye waya wa kuanikia nguo. Mdomo wake ulikuwa mwembamba, umepinda kama sindano ya kushonea magunia, na ulibeba utando wa buibui. Akauzungusha wayani, akaruka, akarudi na mwingine. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya siku kadhaa, kifuko kilikuwa kinaning'inia pale, chenye kitundu ubavuni. Dume lake lilikuja mara moja moja, linang'aa kijani na zambarau, likajisifu kidogo, likaondoka bila kubeba hata unyuzi.

Mwalimu wa sayansi ndiye aliyemtajia jina la ndege huyo. "Huyo ni chozi. Jike hana mapambo ili adui wasimwone akilalia mayai. Ukitaka kumjua, kaa mbali na utulie. Akiona anasumbuliwa, huenda akakihama kiota chake."

Kutulia! Kama kuna somo ambalo Kimya alilijua, ni hilo. Vifaranga walipoanguliwa alijua mara moja, maana mama yao alianza kuja na wadudu mdomoni. Alijifunza pia mlio wake wa hofu, chip-chip-chip, paka akipita ukutani. Alifurahi sana, ila hakuwa na wa kumwambia.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili aliuliza kila mmoja anafanya nini baada ya masomo. Zamu ya Kimya ilipofika, alisimama akasema polepole, "Mimi hukaa dirishani na chozi."

Mwalimu akavua miwani. "Pole sana, mwanangu. Nani anakuliza?"

"Hapana, mwalimu. Si chozi hili," alisema akigusa jicho, "ni chozi huyu. Ndege."

Vicheko vilipasuka. Msichana wa dawati la mbele, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuzimika tangu asubuhi hadi jioni, aligeuka. "Kumbe machozi yako yana mbawa!"

Kimya aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hapo ulimi ukamtangulia. "Tena anakula sukari mkononi mwangu!"

Vicheko vikakoma. "Kweli?" Redio aliuliza. "Naweza kuja kumwona leo?"

Hakuna aliyekuwa amemwomba hivyo kwa muda mrefu. Kimya alijikuta anasema ndiyo. Njiani alijikokota, akijua fika kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Waliingia uani kwa kunyata. Redio alimtazama ndege aliyekuwa wayani. "Huyu? Mbona kama kitambaa cha kupigia deki? Haya, mpe sukari."

Kimya alinyoosha kiganja. Chozi aliruka hadi juu ya ukuta, mdudu mdomoni, akaanza, chip-chip-chip.

"Anaona haya," alisema Redio, akivuta kiti. "Basi tumtoe mtoto mmoja. Huyo atazoea mkono." Akapanda, akanyoosha vidole kwenye kiota.

Kimya alijua akinyamaza atabaki na rafiki. Lakini mama chozi alikuwa akirukaruka ukutani, hawezi kuingia kwake.

"Shuka!" alipiga kelele. "Nilidanganya! Hajala mkononi mwangu hata siku moja. Huwa namtazama tu kutoka dirishani!"

Redio alishuka. "Yaani nimekuja bure? Mwongo mkubwa wewe!" Akatoka akibamiza mlango wa ua.

Baba alitokea amevaa fulana, mikunjo ya mto bado imo shavuni. "Kuna nini? Nyumba inaungua?"

Kimya alimweleza yote huku akilia. Baba akamwingiza jikoni, akaketi sakafuni kando yake. "Mbona hukuniambia kwamba una upweke?"

"Ulikuwa umelala, baba."

"Hapo kosa ni langu," Baba alisema. "Lakini uongo, mwanangu, ni hamira iliyozidi. Mkate unaumuka haraka, unapendeza macho, ukiukata ndani ni shimo tupu. Leo umesema kweli ingawa ilikuuma, na mimi nimefurahi. Kesho mwombe radhi mwenzako. Na mgeni anayejua kutulia aje tu, hataniamsha."

Walitazama pamoja dirishani mpaka chozi akarudi kiotani.

Kesho yake Kimya aliomba radhi. Redio akampa kisogo. Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, maana sasa darasani walimwita Sukari, na dirishani alikuwa peke yake tena.

Alasiri moja mlango wa nyuma ulifunguka bila sauti. Redio alisimama pale pekupeku, viatu vyake mkononi.

"Wametoka?" alinong'ona. "Wale watoto?"

Kimya alisogea, akampisha dirishani. Kichwa kidogo kilichungulia kitunduni. Redio alikaa muda mrefu bila kusema neno.

Baba, aliyekuwa ameamka kunywa chai, aliwatazama akatabasamu. "Ndege haitwi kwa uongo wala hashikwi kwa nguvu," alisema kwa sauti ya chini. "Rafiki naye ni hivyo hivyo. Kuwa mkweli, kuwa mvumilivu, atakuja mwenyewe."

Redio aligeuka. "Kimya, naona chozi."

"Huyu?"

"Hapana," alisema Redio, akamfuta shavu kwa kidole. "Hili."