Risasi na Uzio Usioonekana

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa kelele. Mwoka mikate alirudi kutoka kazini akibamiza mlango. Mkewe, fundi wa nguo, alikanyaga cherehani yake barazani. Mbwa wao, Risasi, alibweka.

Bibi, mama yake Mwoka mikate, hakusikia hata kimoja. Masikio yake yalizeeka kabla ya miguu. Lakini mgeni akifika, Risasi alimvuta Bibi pindo la gauni. Bibi aligeuka na kusema, "Karibu!" kabla ya hodi. Wageni walishangaa, naye alicheka.

"Huyu ndiye masikio yangu," alisema.

Tatizo lilikuwa baiskeli. Risasi akiiona tu, mbio! Uwanja haukuwa na ukuta. Waliweka uzio wa miti, Risasi akachimba chini yake. Walimfunga kamba, Bibi akabaki bila masikio.

Siku moja Risasi alichomoka hadi barabarani. Muuza maziwa aliyumba na baiskeli yake, akaanguka puu! Maziwa yakatapakaa. Lori la kokoto lilifunga breki, likasimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Muuza maziwa aliinuka, goti likivuja damu. "Jirani, leo yamemwagika maziwa. Kesho nitamwagika mimi!"

Mwoka mikate aliona haya. "Una haki, ndugu yangu. Akitoka tena mara moja tu, nampeleka mbali. Nimesema!"

Bibi hakuyasikia maneno hayo. Aliyasoma usoni mwa mwanawe. Alimkumbatia Risasi, asimwachie hadi jioni.

Wiki ile ile, kaka yake Fundi alisikia kisa hicho, akawatumia boksi. Ndani mlikuwa na kisanduku cha umeme, waya mrefu, na mkanda wa shingo wenye pini mbili butu za chuma. Juu yake kulikuwa na karatasi ya maelekezo.

"Uzio usioonekana!" Mwoka mikate alipiga makofi. "Mama, Risasi haendi popote!"

Alichimba kuzunguka uwanja mzima, kina cha vidole vinne. Aliufukia waya, akazirudisha ncha zote mbili kwenye kisanduku sebuleni. Aliwasha. Taa ya kijani ikawaka. Nyumba nzima ilishangilia.

Na ile karatasi? Hapo Fundi alifanya mambo ya kifundi. Karatasi ilikuwa ngumu na safi. Akaikata umbo la kola ya shati, iwe kipimo cha kukatia vitambaa vyake.

"Maelekezo ya nini? Waya ni waya," alisema.

Kisha aliziona zile pini, roho ikamuuma. "Maskini, zitamchoma!" Akaushonea mkanda mfuko mzuri wenye sponji ndani. Kazi ilikuwa safi kweli, hata mimi ningeivaa.

Wakamvisha Risasi, wakasimama kutazama. Baiskeli ikatokea. Risasi alipita juu ya waya kama hakuna kitu.

Kwa bahati, mpanda baiskeli alikuwa Daktari wa mifugo. Alikuja kumchanja Risasi dhidi ya kichaa cha mbwa. Alishuka haraka, akamdaka, akamrudisha uwanjani.

Mwoka mikate aliinamisha kichwa. "Basi. Nilisema mara moja tu."

"Mume wangu, ngoja kwanza!" Fundi alilia.

Daktari aliupapasa mkanda, akaangua kicheko. "Nani kamvisha mbwa koti?"

"Ni mimi, Daktari. Nilimwonea huruma."

"Huruma yako ingemuua, Fundi. Pini lazima ziguse ngozi. Usibane sana, kidole kimoja kipite. Mbwa akikaribia waya, mkanda unalia: pii! Hilo ni onyo. Akizidi kwenda, anapata mshtuko mdogo. Jaribu mkononi kwanza, ujue unampa nini."

Fundi alijaribu. "Aii!" aliruka. "Kama kidole kimechomwa na sindano! Hilo nimelizoea."

"Lakini waya haufundishi mbwa. Mnamfundisha ninyi. Maelekezo yako wapi?"

Fundi alitazama chini. Alikwenda kwenye kapu la vitambaa, akarudi na kola na mabaki ya karatasi. Waliviunganisha mezani kipande kwa kipande.

"Haya, soma," Daktari alisema.

Fundi aliweka kidole chini ya maneno. "Mfundishe mbwa... kwa wiki mbili... kabla ya kumwacha huru." Akajipiga paji la uso. "Kumbe jibu nilikuwa nakatia mashati!"

Daktari alimgeukia Mwoka mikate. "Kosa si la mbwa. Mpe hizo wiki mbili, awe kwenye kamba."

Mwoka mikate alimtazama mama yake. "Haya. Wiki mbili."

Jioni ile Fundi alishona vibendera vyekundu kutoka mabaki ya vitambaa. Walivisimika kando ya waya, viwe alama kwa Risasi. Kila siku walimtembeza mara tatu, dakika kumi tu kila mara. Siku za kwanza waliuweka mkanda utoe mlio tu, bila mshtuko. Pii! Wakamvuta nyuma taratibu. Akirudi, alipewa kipande cha mkate na sifa tele. Usiku walimvua mkanda, wakakagua shingo yake.

"Na msimwache peke yake nje," Daktari alikuwa amewakumbusha kabla ya kuondoka. "Uzio huu hauzuii mbwa wengine kuingia. Umeme ukikatika, haufanyi kazi."

Siku ya tano, pii! Risasi aligeuka mwenyewe.

"Ameelewa!" Fundi aliruka. "Ameelewa jamani!"

Wiki mbili zilipotimia, walimwomba Muuza maziwa apite.

"Sawa," alisema, "lakini leo kopo nimelifunga kwa kamba, na roho yangu pia!"

Bibi alikaa kwenye kigoda, akaipa barabara mgongo. "Siwezi kutazama," alisema.

Baiskeli ilikuja. Risasi akafyatuka! Kamba ndefu iliburutika nyuma yake, Mwoka mikate tayari kuikanyaga. Mita tano. Tatu. Fundi alifumba macho.

Pii!

Risasi alisimama. Aliitazama baiskeli. Akavitazama vibendera. Akageuka, akarudi mbio nyumbani, mkia juu.

Walipiga kelele hadi majirani wakatoka. Mwoka mikate alimbeba mkewe juu juu. Muuza maziwa alicheka, akaikokota baiskeli hadi uwanjani.

Bibi hakusikia mlio. Hakusikia hata zile kelele. Alibaki amefumbata mikono, akisubiri kuambiwa.

Ndipo akahisi pindo la gauni likivutwa.

Machozi yalimtoka kabla hajageuka.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Muuza maziwa. "Goti limepona?"