Namba 412 Ndani ya Saa ya Uchumba

"Usiifungue!"

"Kwa nini nisiifungue?"

"Zawadi ya uchumba haifunguliwi kwa bisibisi, Lorene. Inavaliwa."

Lorene Weaver akacheka, lakini bisibisi hakuiweka chini. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Tangu baba yake azikwe, kiti cha pili mezani kwake, kule ghorofani, hakikuwa kimekaliwa na mtu, mpaka alipokuja Nevin Burkholder kutoka Ohio, fundi wa kuezeka mapaa, miezi saba iliyopita.

Kwa watu wa kanisa lao pete hazivaliwi. Mwanamume akimtaka msichana humpelekea saa ya ukutani, na saa ikishapokelewa, maneno yamekwisha. Nevin hakuleta ya ukutani. Alileta saa ya mkononi ya mwaka sabini na tatu, yenye kioo cheusi tii: ukibonyeza kitufe tarakimu nyekundu zinawaka, ukikiachia zinazimika.

Na saa za namna hiyo ndizo zilizompa Lorene riziki. Ziliundwa hapohapo Lancaster, Pennsylvania, zamani, na watu walimtumia kutoka kila pembe azifufue, kisha aandike barua kwamba ni halisi. Barua ya Lorene haikuwahi kubishiwa.

"Baba yangu aliiunda kwa mikono yake," Nevin alisema. "Alifanya kazi kiwandani hapa kabla hatujahamia Ohio. Alipofariki akaniachia mimi."

Lorene akabonyeza. Saa ikasema saa tisa na nusu. Ya jikoni ilisema saa saba.

"Mbona inadanganya?"

"Ndivyo ilivyo. Haina pa kurekebishia."

Lorene akasukuma kifungo cha mkanda kwa ukucha, kikachomoka kijiti kidogo cha sumaku. Akakigusisha mgongoni mwa saa. Dakika zikaanza kukimbia.

Nevin akatoa macho. "We! Uchawi huo?"

"Kila aliyefanya kazi kile kiwanda anaujua. Baba yako hakukuonyesha?"

"Baba hakuwa msemaji." Akaurudia mkate wake. "Jumapili mchungaji anatutangaza. Uivae, watu waione. Sawa, mpenzi?"

"Sawa."

Nevin alipokwisha kurudi kazini, Lorene akaibonyeza tena na tena kama msichana anayerudia barua ya kwanza. Mara ya tano akaona tarakimu ya nane imepungukiwa kijistari kimoja. Hapo mkono wa fundi haukuweza kutulia. Akafungua mfuniko wa nyuma.

Ndani, kwa maandishi membamba kama unywele, palikwaruzwa 412.

Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe. Mafundi wa saa wana desturi hiyo: ukimaliza kazi unakwaruza namba ya kazi hiyo kwa ndani, ili fundi ajaye ajue nani alipita. Yeye amepitisha mamia ya saa, na kwa nje zote ni sura moja.

Akavuta daftari. *412. T. Burkholder, Millersburg, Ohio. Ya mume wake. Mume asijue.* Miaka mitatu iliyopita.

"Burkholder ni wengi kule kama nyasi," alijiambia kwa sauti. "Labda ni shemeji yake."

Akapiga namba ya simu iliyoandikwa pembeni.

"Haloo?"

"Samahani mama. Mimi Lorene Weaver, fundi wa saa, Ephrata, huku Lancaster. Naongea na T. Burkholder?"

"Fundi! Twila hapa. Leo umenikumbuka kwa lipi?"

"Ile saa uliyonitumia. Bado unayo?"

Sauti ya Twila ikapungua.

"Mume wangu aliondoka nayo. Mwaka jana, mwezi wa kumi. Alisema anakwenda kuezeka ghala, hajarudi."

"Anaitwa nani?"

"Nevin. Umemwona? Mzima? Anakula?"

Lorene akashika ukingo wa meza. Miezi saba Nevin alikuwa akimwambia hajawahi kuoa.

"Mzima," akasema. "Mliachana?"

"Kwetu kuna kuachana, dada? Jina lako tu linasema wewe mwenyewe ni wa kanisa letu."

"Na saa ilikuwa ya baba yake?"

Twila akacheka, cheko kavu. "Baba yake alifuga nguruwe, hata redio hakugusa! Ni ya baba yangu. Miaka tisa kiwandani huko kwenu. Nilimvisha Nevin siku tuliyooana. Amekupa wewe, siyo?"

"Ndiyo."

"Pole."

"Pole na wewe."

Hakuna aliyekata. Lorene alisikia mlango ukifunguliwa huko Ohio, kuku wakilia, mlango ukifungwa. Kisha simu ikakatika.

Ujumbe wa Nevin ukaingia: *"Namaliza kazi saa kumi na moja. Mama mchungaji anauliza tutataka pai ngapi Jumapili."*

Akajibu: *"Njoo."*

Nevin aliingia akipiga mluzi, vumbi la paa mabegani.

"Twila ni nani?"

Mluzi ukakatika. "Nani kakwambia?"

"Saa."

"Saa ina mdomo?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza, Nevin. Mkeo alinitumia kwa siri, ili siku yako ya kuzaliwa uikute inawaka."

Nevin akaketi kwenye kile kiti cha pili. "Aliniambia kabadilisha betri tu."

"Kwa nini ulimwacha?"

"Nyumba ilikuwa kimya. Mtu unakaa na mtu, hamna neno. Hapa unanisikiliza, Lorene. Naapa, hilo si uongo."

Na Lorene aliona kweli si uongo. Ndipo palipouma.

"Ohio ni mbali," Nevin akaendelea, sasa kwa upole. "Nani atajua? Nchi nzima inaamini barua zako. Wewe ukisema ni ya baba yangu na mimi ni kijana asiyeoa, nani atakubishia?"

"Hakuna."

"Basi!"

"Ndiyo maana siwezi."

Nevin akasimama, kiti kikaanguka. "Haya, kaa na vyuma vyako! Thelathini na sita! Nani mwingine atapanda ngazi hizo kukufuata wewe?"

Lorene aliinua kiti, akakisimamisha sawasawa. "Huenda hayupo. Nenda, Nevin."

Alimsikia akishuka. Alisikia gari likiwaka. Angeweza bado kufungua dirisha, kuita jina moja tu, na angerudi. Akashika kitasa cha dirisha mpaka mlio wa gari ukaishia barabarani. Jikoni supu ya kuku na mahindi ilikuwa ya watu wawili. Akala bakuli moja, nyingine akaimwaga.

Jumapili mchungaji hakumtangaza mtu. Wanawake waligeuka benchi zima kumtazama, mmoja akamnong'oneza, "Kulikoni, dada Lorene?" Akajibu, "Alikuwa na mke," na yule mama akakosa pa kuweka macho.

Jumatatu aliitengeneza ile nane. Akaifunga saa kwenye pamba ili aitume Millersburg, na juu akaweka barua:

*Saa hii ni halisi, ya mwaka 1973. Kila kilichomo ni cha asili, isipokuwa nyuzi tano za umeme nilizounga mimi. Mwenye nayo ni Twila, aliyeipata kwa baba yake aliyeiunda.*

Alhamisi, amekaa mezani na saa ya mtu wa Texas, simu ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa Twila.

*"Imefika."*

Lorene akaandika sentensi ndefu, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta pia. Mwisho akatuma:

*"Inasema saa ngapi huko?"*

Alijua vizuri kwamba Ohio na Pennsylvania hazipishani hata dakika. Twila naye alijua.

*"Saa kumi na dakika ishirini na mbili. Kwako je?"*

*"Hiyo hiyo,"* akaandika, akabaki ameishika simu, akingoja kama Twila ataibonyeza saa tena.