Jedwali la Vitambaa

Akitoka shule, Chiriku hakuwa na safari mbili. Begi kitandani, sare msumarini, kisha mbio hadi chumba cha mbele ambako mama yake alikuwa na karakana ya kukarabati makochi. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, na hata mama yake alilizoea kuliko lile la kwenye cheti.

Mama alikata na kushona vitambaa. Msaidizi wake, Kaka Misumari, aliyavua makochi ya zamani vitambaa vyake, akabadilisha sponji na kugongomea kitambaa kipya. Aliitwa hivyo kwa kuwa akiwa kazini alibana misumari midogo kati ya midomo yake. Alikuwa hapo tangu Chiriku hajaanza shule, na ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Shikamoo, Kaka Misumari!"

"Mmh."

"Hiyo mmh ndiyo marahaba?"

Misumari akatema misumari kiganjani, akacheka. "Marahaba, Mkurugenzi. Haya, mtambo wako unakungoja."

Mtambo wenyewe ulikuwa kompyuta kuukuu iliyong'oka vitufe viwili. Katika klabu ya kompyuta shuleni, Chiriku alikuwa amejifunza kutengeneza majedwali yanayokokotoa yenyewe, basi akamtengenezea mama yake mawili. Jedwali la kwanza lilikuwa la bei za vifaa: mahameli, ngozi bandia, jinzi, pamba, sponji na vingine. La pili lilikuwa la makadirio, yaani gharama ya kila kochi. Aliyaunganisha hayo mawili, ili jedwali la makadirio lichukue bei kutoka lile la kwanza. Mwenye duka la vitambaa akipandisha bei, Chiriku alibadilisha tarakimu moja tu, na gharama za makochi yote zikajibadilisha papo hapo.

"Weee! Huyu mtoto!" mama alishangaa siku ya kwanza. Tangu hapo akaacha kupiga hesabu kwenye vipande vya maboksi. Alitazama jumla ya chini, akamtajia mteja, mteja akatoa fedha za vifaa, naye Misumari akaenda kununua. Chiriku alijiona amefika.

Lakini mwezi ule mambo yalianza kwenda kombo. Kila Misumari aliporudi kutoka dukani, alikuwa na neno lile lile.

"Dada, fedha zimepelea tena."

"Zimepelea vipi, mdogo wangu? Kompyuta inasema zinatosha."

"Mimi nimenunua kama kawaida, dada. Mita zile zile, duka lile lile."

Mama aliongezea, mara ya kwanza bila kusema kitu, mara ya pili akiguna. Mara ya tatu hakuguna. Alimtazama Misumari kwa muda mrefu, kisha akageukia cherehani.

Ijumaa jioni, Misumari alipokwisha ondoka, mama na Chiriku walibaki wakikunja mabaki ya vitambaa. Mama alikunja kwa nguvu kuliko kawaida, na hata Chiriku alihisi si wakati wa porojo.

"Kesho nitamwambia Misumari atafute kazi kwingine," mama alisema hatimaye.

"Mama! Kwa nini?"

"Fedha zinavuja, mwanangu, na anayezishika ni yeye. Ana mtoto mchanga nyumbani, najua mahitaji ni mengi. Lakini angeniomba, ningempa. Inaniuma, usidhani hainiumi."

Chiriku hakuamini hata kidogo. Mama alipoingia ndani kupika, alifungua kompyuta akitaka kupiga hesabu upya, amthibitishie mama kwamba Kaka Misumari si mtu wa hivyo. Akaanza na kochi la mahameli. Akatazama bei ya mita moja, akatazama tena. Ile haikuwa bei ya mahameli. Ilikuwa bei ya jinzi.

Alikumbuka mwanzoni mwa mwezi, siku moja hana la kufanya, alipanga majina ya vifaa pamoja na bei zake kwa alfabeti ili jedwali lipendeze. Jinzi ikapanda juu, mahameli ikashuka nafasi ya pili. Lakini jedwali la makadirio halikujua majina. Lilijua nafasi tu. Kwa mahameli liliambiwa lichukue bei iliyo juu kabisa, likaendelea kuichukua, ingawa sasa pale juu palikaa jinzi, tena ya bei nafuu. Kwa mita moja tofauti haikuwa kubwa, ila kochi zima hula mita nyingi, na wateja wengi walipenda mahameli.

Alirekebisha haraka. Safari hii aliunganisha majedwali kwa jina la kitambaa badala ya nafasi, kama mwalimu wa klabu alivyowahi kuwaonya wakati yeye akipiga soga. Akahifadhi, akashusha pumzi. Basi, yameisha, alijiambia. Wiki ijayo fedha zitatosha, na hakuna atakayejua.

Kisha akakumbuka maneno ya mama. Wiki ijayo fedha zitatosha, na Misumari hatakuwapo. Mama atasema nini? Atasema, unaona, tangu aondoke hakuna kinachopotea. Wateja wakiuliza habari za fundi wao, watajibiwa hivyo hivyo. Nani tena atampa kazi? Usiku ule Chiriku alikwenda kulala bila kumwambia mama.

Asubuhi alimkuta Misumari amekaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, kofia mikononi, na mama amesimama mbele yake.

"Mdogo wangu," mama alikuwa anaanza, "tumefanya kazi miaka mingi..."

"Mama, ni mimi!" Chiriku alidakia. "Hajachukua kitu. Ni mimi niliyeharibu bei!"

Akaeleza yote, huku analia, huku anaonyesha kwenye kompyuta: jinzi hapa, mahameli pale. Hakuficha hata kwamba jana alisharekebisha akataka kunyamaza. Mama alisoma bei moja moja, akakokotoa kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Alipomaliza, akaona upungufu ulikotoka.

"Kumbe ulinidhania, dada," Misumari alisema polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi mwenyewe nilianza kujitilia shaka. Juzi nilitoa za kwangu mfukoni nikaongezea. Nilisema labda nazihesabu vibaya."

Mama alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, macho yalikuwa mekundu. "Nisamehe, mdogo wangu. Nakujua kuliko ninavyoijua hii kompyuta, lakini niliiamini yenyewe. Fedha zako nitazirudisha leo leo."

Misumari aliizungusha kofia mikononi. Halafu akamgeukia Chiriku. "Na wewe, Mkurugenzi. Ungenyamaza, ningeondoka hapa na jina la mwizi. Unalielewa hilo?"

"Naelewa, Kaka. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nimeumia, nisikudanganye."

Akaivaa kofia yake, akavuta kochi la mteja katikati ya chumba, akaanza kazi.

Mama alimkalisha Chiriku kando yake. "Kukosea kwenye jedwali sikulaumu," alisema. "Mimi pia nilikosea, nilisoma jumla bila kuuliza imetoka wapi. Kuanzia leo, kabla ya kumtajia mteja bei, tutaikagua pamoja, mimi na wewe na Kaka yako. Lakini sikiliza. Jana ulisahihisha tarakimu ukaona umemaliza, kumbe kosa lilikuwa bado lipo. Lilikuwa limemkalia Kaka yako mabegani, na kompyuta haikuwa na namna ya kumtua mzigo huo. Ilibidi wewe useme."

Chiriku aliinuka, akaenda kumshikia Misumari kitambaa.