Jalada Halina Jina la Watiri

"Naliaka, nipishe nitoke nimuue huyo mtu."

"Tulia! Shingo inaonekana."

Walikuwa wamesimama kwenye mstari uani kwa kina Watiri, huko Kiriaini, wanawake wamefunikwa leso toka utosini hadi vidoleni kama magunia ya majani chai yanayongoja lori. Ndiyo desturi ya siku ya mahari: bwana harusi apite, amtambue mchumba wake bila kumfunua. Akikosea, anatozwa faini. Kioko, mwalimu wa historia kutoka Machakos, alikuwa bado getini na wajomba zake, anapangusa matope kwenye viatu.

Ndani ya leso, Watiri alishika simu mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Naliaka, rafiki yake, alikuwa amekinunua Nyeri asubuhi hiyo akidhani analeta zawadi. Kilihusu maisha ya Ulaya enzi za ngome: watu walikula nini, kinyozi aling'oaje meno, choo cha bwana mkubwa kilimwagikia wapi. Walikiandika wawili. Kioko alisoma yale mavitabu mazito, Watiri akayageuza kuwa hadithi za kuvunja mbavu. Bila yeye, kile kitabu ni dawa ya usingizi.

Lakini kwenye jalada alikuwa Kioko, peke yake.

"Sikiliza tena huku nyuma," Watiri alinong'ona kwa hasira. "'Namshukuru mchumba wangu Watiri kwa chai na kwa kuchapa maandishi.' Chai, Naliaka!"

"Pengine ni makosa ya kiwanda."

"Kiwanda kinajua mimi hupika chai?"

Simu ikatetemeka. Ni Kioko:

*Babe leso yako ni rangi gani? Wasinitoze mbuzi bure 😂*

Watiri akaandika: *Kijani. Ya mwisho kushoto.*

"We! Huyo si ni Cucu, nyanya yako?"

"Najua."

Kioko akaingia kifua mbele, nyimbo zikimsindikiza. Hakusita hata kidogo. Akaenda moja kwa moja hadi mwisho, akafunua leso ya kijani. Nyanya akamkenulia ufizi.

"Umechagua vizuri, kijana. Tutaishi hapa ama kwenu?"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Watiri, acha mchezo bana!" Kioko alicheka, jasho likimtoka.

Watiri akaitupa leso yake chini. Bibi harusi hajifunui mwenyewe hata siku moja. Nyimbo zikakatika.

"Mchezo ni huu," akasema, akiinua kitabu. "Sura ya wanawake waliopika pombe, nani aliandika?"

"Mpenzi, si tuongee baadaye..."

"Nani?"

"Tulisaidiana."

"Ulinisaidia na nini? Sura yako ilikuwa tarehe tupu kama kalenda ya benki! Jina langu liko wapi?"

"Mchapishaji alikataa majina mawili. Nilipigana sana, haki."

Nambari ya mchapishaji ilikuwa ndani ya kitabu. Watiri akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Habari. Naitwa Watiri, wa kitabu cha Kioko."

"Aa, yule wa kuchapa! Mimi ni Chris, mhariri. Hongera."

"Ni nyinyi mlikataa jina langu kwa jalada?"

"Jina lako? Kioko alituambia ameandika peke yake. Sisi hata majina kumi tungeweka. Kwani kuna shida?"

Mjomba Mwangangi, msemaji wa upande wa Kioko, akasimama akavua kofia.

"Kioko, tumepanda milima yote hii na mbuzi wakilia kwa pikapu, kumbe tumeleta mwizi?"

"Mjomba, si hivyo. Kila aliyesoma alicheka sehemu za Watiri. Zangu hakuna aliyecheka. Nilitaka mara moja tu nionekane mimi."

"Mwambie huyo mtu wa vitabu ukweli. Sasa hivi."

Kioko akapokea simu kwa mikono miwili.

"Chris... nilidanganya. Ile nusu tamu aliandika Watiri. Kitabu kiwe na majina mawili. Lake mbele."

Chris akasema, "Nitasimamisha mauzo leo. Tutachapa majalada mapya."

Vigelegele vikapaa, Nyanya akiongoza. Kioko akapumua, akanyoosha mkono.

"Haya mpenzi. Yameisha."

Watiri hakuushika.

"Asante, Kioko. Hiyo ilikuwa haki yangu, na umeirudisha. Kunioa ni ombi lingine. Hilo nimekataa."

"Lakini nimekiri mbele ya watu wote hawa!"

"Umekiri baada ya kushikwa. Usingeshikwa, ningezeeka kwako nikiitwa mpika chai."

Mama yake akashika kichwa. "Watiri! Na chakula chote hiki?"

"Wapakulie wageni, mama. Machakos ni mbali, wasirudi na njaa."