Mche Ndani ya Mkoba wa Msusi

Bibi Miche hakuwa bibi wa mtu bado. Jina hilo alipewa na wateja. Kila asubuhi ungemkuta kando ya barabara, ameinama, anamwagilia miche yake ya michungwa na milimau. Tangu mumewe aumie mgongo, miche hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nzima.

Siku moja akasikia kwamba nchi jirani kuna machungwa yasiyo na mbegu. Usingizi ukamruka.

"Chungwa bila mbegu?" mumewe aliuliza. "Sasa linazaaje?"

"Baba watoto, hicho hicho ndicho ninachotaka kukijua!"

Basi akawaita marafiki zake wawili, Msusi na Mshonaji. Waende asubuhi, warudi jioni. Mpakani walionyesha hati zao za kusafiria, zikagongwa mihuri, wakavuka kihalali. Hapo hawakukosea.

Huko walifika kwenye shamba la michungwa. Mwenye shamba akawakatia machungwa. Msusi alitafuta mbegu kwa ulimi mpaka akakata tamaa. Bibi Miche naye aliuliza maswali bila kupumzika.

"Kama hakuna mbegu, mnapanda nini?"

"Hatupandi mbegu, dada. Tunakata kijiti cha mti huu, tunakipandikiza kwenye mche mwingine."

"Kumbe!"

Mwenye shamba alimpenda kwa udadisi wake, akampa miche miwili. Bibi Miche akaipakata kama mtoto mchanga.

Jioni wakarudi mpakani. Kabla ya kuingia ofisini, Msusi, mjanja wa kuzaliwa, akauchukua mche mmoja na kuutia ndani ya mkoba wake. Ndani walimkuta afisa wa mimea, binti mdogo tu.

"Shikamoo mama. Huo mche una kibali?"

"Marahaba mwanangu. Kibali cha nini? Mti si mtu!"

"Pole mama. Bila kibali hauingii. Tutauchoma."

Machozi yalimlenga Bibi Miche. "Uchome? Mche mzima huu? Tazama majani yanavyong'aa!"

Afisa hakukasirika. Alimpa kioo cha kukuzia. "Geuza hilo jani changa. Tazama chini yake."

Bibi Miche akatazama. "Mh! Kuna kidudu. Kimebinua makalio juu!"

"Hebu nione," alisema Mshonaji. "Lo! Huyu hana adabu kabisa."

Wote walicheka, hata afisa. Kisha akaeleza.

"Mdudu huyu hufyonza maji ya mti. Akitoka kwenye mti mgonjwa, anaupelekea mti mzima ugonjwa. Majani yanageuka manjano. Matunda yanadumaa na kuwa machungu. Dawa ya kuuponya mti hakuna. Unang'oa."

"Na mche usio na mdudu je?"

"Ugonjwa unaweza kuwa umeshaingia ndani. Mti hukaa muda mrefu ukionekana mzima. Kwa macho hujui, mpaka upimwe."

Bibi Miche akakirudisha kile kioo. Aliifikiria miche yake yote iliyobanana kando ya barabara, na wateja wanaoipeleka mashambani kwao. Aliogopa kwelikweli. Akamgeukia Msusi.

"Mwenzangu, toa."

"Nitoe nini?"

"Unajua."

Msusi akamkodolea macho. "Wewe mwanamke! Nimejitia matatani kwa ajili yako!"

"Najua, na ahsante sana. Toa."

Mche wa pili ukawekwa mezani. Msusi alitazama pembeni kwa aibu.

"Mmefanya vyema kuutoa wenyewe," afisa alisema. "Kuficha ni kosa."

"Sasa mwanangu, nikiitaka miche hii nifanyeje?"

"Njoo ofisini kabla ya kusafiri, uombe kibali. Mwenye shamba naye aombe miche ikaguliwe kwao, apewe cheti kwamba ni mizima. Ikifika hapa tunaitenga na kuipima kwanza. Na si miche tu. Mbegu, matunda, hata udongo, uliza kabla hujabeba."

Walirudi mikono mitupu. Msusi alinuna njia nzima. Lakini Bibi Miche hakulala. Alikwenda ofisini, akaomba kibali. Alisubiri, akachoka, akasubiri tena. Hatimaye miche ikaja na cheti chake, ikatengwa kwenye nyumba ya wavu, ikapimwa, akakabidhiwa. Akajifunza kupandikiza. Leo watu wanatoka mbali kununua michungwa yake isiyozaa mbegu. Msusi anajisifu kwa kila mteja anayemsuka kwamba safari ile walikwenda wote.

Asubuhi moja alikuja mteja amevaa kitenge. Bibi Miche alimtazama mara mbili. Alikuwa yule afisa.

"Shikamoo mama. Nataka mche mmoja, nimpelekee dada yangu."

"Marahaba. Dada yako anakaa wapi?"

"Kaolewa nchi jirani."

Bibi Miche akauvuta mche nyuma ya mgongo wake.

"Kibali kiko wapi, mwanangu?"

Afisa akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafungua mkoba na kukitoa. Bibi Miche akakisoma chote, neno kwa neno, ndipo akampa mche.